Habari za Herufi na Namba za Motakaa, Kama Zisomwavyo Njia za Kilosa na Mikumi

Katika wilaya ya Kilosa mtoto hujifunza herufi mahali pawili. Mahali pa kwanza ni darasani, mbele ya mwalimu na ubao wake. Mahali pa pili ni kando ya njia, ambapo hasomeshwi na mtu. Gari hupita, naye husoma kwa sauti yaliyoandikwa nyuma yake kabla vumbi halijayafunika, na akikosea wenzake humcheka. Habari za ubao huu wa pili hazijaandikwa sana katika lugha yetu, nasi twaona yafaa kuzieleza, kwa kuwa katika herufi zake chache mmefichwa mambo ya utawala, ya lugha na ya mali ambayo walimu huulizwa mara nyingi.

Jina la kitu chenyewe halijatulia. Wengine husema kibao cha namba, wengine bamba, na mijini watu husema pleti namba. Katika mazungumzo latosha neno namba peke yake: mtu husema "nilizishika namba za gari lile", naye hueleweka bila maelezo. Watu wa pwani na wa Kenya hupenda zaidi kusema nambari. Kadhalika gari ni neno lililotujia kutoka Bara Hindi pamoja na wafanyi biashara, na motakaa ni Kiingereza kilichovikwa kanzu. Basi kitu hiki kizima, tangu gurudumu hata kibao, kilikuja na majina yake, na kazi yetu ilikuwa kuyalainisha.

Asili ya desturi hii ni Ulaya. Nasi twasema Ulaya ya ng'ambo, wala si kile kijiji cha Ulaya ambacho atokaye Kilosa kwenda Mikumi hukipita bila kuvuka bahari. Mwaka 1893 polisi wa Paris waliamuru kila gari liendalo kwa mtambo lichukue bamba lenye jina la mwenyewe, mahali akaapo, na namba ya kibali chake. Sababu yaeleweka upesi. Punda akimkanyaga mtu sokoni, mwenye punda hujulikana, maana hafiki mbali. Lakini gari la mtambo laweza kumwangusha mtu na kuwa limeshafika kijiji cha pili kabla majirani hawajakusanyika. Kibao kilibuniwa kiwe shahidi wa yule aliyelala njiani. Yafaa kulikumbuka jambo hili, kwa sababu watu wengi hudhani kibao kilianzishwa kwa ajili ya kodi. Kodi ilikifuata baadaye, ikakikuta kimekwisha kupigwa misumari.

Uingereza ilifanya sheria yake mwaka 1903, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1904. London ilipewa herufi A, na bwana mmoja wa daraja kubwa, Earl Russell, nduguye mkubwa wa yule mwanafalsafa Bertrand Russell, akapata A 1. Tangu hapo namba ndogo zimeshindaniwa kama cheo. Wadachi nao walikubaliana mwaka 1906 juu ya alama za nchi yao yote: Prussia ikachukua namba ya Kirumi I, Bavaria II, na mji wa Berlin ukawa I A.

Wakati huo nchi hii ilikuwa mikononi mwa Wadachi, lakini mambo ya vibao hayakuwa na kazi kubwa, kwa kuwa motakaa zenyewe zilikuwa haba na njia zake hazikuwapo. Luteni Paul Graetz alipotoka Dar es Salaam kwa motakaa tarehe 10 Agosti 1907, akakusudia kulikata bara zima mpaka Swakopmund, alifika huko tarehe 1 Mei 1909, yaani safari ya siku 630. Mtu wa miguu mwenye bidii asingemwonea wivu. Chombo cha wakati ule kilikuwa gari la moshi: reli ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kwa hiyo Kilosa ilizoea filimbi ya stesheni kabla haijazoea honi, na hata leo mji wenyewe umekaa kwa kuielekea reli kuliko barabara.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza Waingereza walikabidhiwa Tanganyika kwa dhamana ya Ushirika wa Mataifa. Ndipo desturi yao ya kuandikisha magari ikaingia, pamoja na alama ambayo ingali ikionekana hata sasa. Mapatano ya mataifa juu ya safari za motakaa, yaliyofanywa Paris mwaka 1909 na tena 1926, yalitaka kila nchi iwe na herufi zake, ziandikwe katika kibao chenye umbo la yai nyuma ya gari livukalo mpaka. Nchi zilizotawaliwa na Uingereza upande wetu zilipewa herufi mbili za mbele zilizo sawa, E na A, maana yake Afrika ya Mashariki, kisha herufi moja ya nchi yenyewe: EAK ya Kenya, EAU ya Uganda, EAT ya Tanganyika, na EAZ ya Zanzibar. Walimu watakumbuka ya kuwa nchi hizo hizo nne ndizo zilizoketi pamoja katika Kamati ya Lugha mwaka 1930, kusawazisha Kiswahili cha vitabu. Waliosawazisha tahajia na waliosawazisha vibao walikuwa wakitazama ramani moja.

Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, alama ya EAT haikuhitaji kufutwa; T iliyokuwa ya Tanganyika ikaendelea kuwa T ya Tanzania. Lakini daftari za magari hazikuungana. Gari la Unguja au la Pemba huandikishwa kwa Z, na la bara kwa T. Mwanafunzi mwerevu huweza kuuliza: ikiwa T ni Tanzania, na Zanzibar imo katika Tanzania, mbona Z? Mwalimu asitafute jibu katika sarufi. Jibu limo katika katiba, ambayo iliyafanya mambo mengine kuwa ya Muungano na mengine yasiwe.

Kwa magari ya nchini, herufi ya kwanza ilikuwa alama ya nchi kwa majirani wote watatu: Kenya K, Uganda U, na kwetu T. Wenye umri wa makamo wanayakumbuka mabamba ya miaka ya 1990 yaliyoanza kwa TZ. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpango mwingine ulishika mahali pake, nao ndio uliopo: T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Kila kundi la herufi tatu hubeba magari 999. Hata kama herufi zote 26 zingetumiwa, makundi yaanzayo kwa A hayangeweza kupita magari 675,324. Wanafunzi wa hesabu wapewe zoezi hili. Litawapendeza kuliko mabomba yajazayo birika.

Hesabu hiyo imezaa desturi ya lugha ambayo hatukuiona ikiandikwa katika kamusi. Kwa kuwa herufi ya kwanza ya kundi hubadilika baada ya miaka kadhaa, watu huitumia kutaja umri wa gari tangu kuandikishwa kwake. Husemwa "gari lake ni namba C", au "amenunua namba D", na siku hizi "namba E". Muuzaji hulitaja neno hilo kabla ya kutaja bei, na mchumba hulisikia kabla ya kuulizwa mahari. Ajabu ni kwamba gari la namba D laweza kuwa lilitengenezwa kabla ya gari la namba B, kwa kuwa mengi huja yakiwa yamekwisha kutumika Japani miaka mingi. Herufi yataja siku gari lilipoingia katika daftari letu, wala haitaji siku lilipotoka kiwandani.

Tena rangi ina maana yake. Bamba la manjano ni la gari la mtu kwa matumizi yake. Bamba jeupe ni la gari la kazi ya kuchukua abiria au mizigo kwa malipo. Asiyejua kusoma hata herufi moja, akisimama njia panda ya Mikumi, aweza kupambanua kwa macho gari la kupanda kwa nauli na gari la mtu binafsi.

Sasa tufike mahali penye uzito, yaani herufi za magari ya umma. Kenya gari la serikali huandikwa GK, na Uganda UG. Yote mawili ni vifupisho vya Kiingereza. Kwetu huandikwa ST, yaani Serikali ya Tanzania, kisha hufuata herufi ya mfululizo, kama STK au STL. Gari la polisi ni PT, Polisi Tanzania. La magereza ni MT. La jeshi huwa na JW, Jeshi la Wananchi. Gari la halmashauri ya wilaya, kama hii ya Kilosa, huandikwa SM, Serikali za Mitaa. La shirika la umma ni SU. Na huko visiwani gari la serikali limeandikwa SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka 1967 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya shughuli za serikali, na mengi yaliyoagizwa wakati ule yalibaki katika karatasi. Mahakama kuu na vyuo viliendelea kwa Kiingereza. Lakini kibao cha gari kilitii.

Mtu aweza kusema ni herufi mbili tu, zina nini? Sisi twaona zina mengi. Mkulima wa Rudewa au wa Kimamba aonapo ST au SM hahitaji mkalimani kumwambia kwamba chombo kile kimenunuliwa kwa fedha ya watu wote, yeye akiwamo. Likionekana limesimama usiku penye pombe, au limebeba magunia ya mkaa ya mtu mmoja, huuliza kwa lugha yake mwenyewe: "Serikali yafanya nini hapa?" Herufi zile zilimfanya awe msomaji wa mali yake. Wapo madereva wanaolijua jambo hili, nao huegesha gari kwa kuuelekeza mgongo wake ukutani, wakisahau kwamba sheria ilitaka kibao kiwe mbele pia. Rais peke yake hana herufi wala tarakimu: gari lake huchukua nembo ya Taifa.

SU ina historia ya huzuni kidogo, na Kilosa inaijua. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa, na Kilosa ilikuwa nchi ya mkonge tangu zamani za Wadachi. Shirika la umma likawa mwajiri, na herufi SU zikawa jambo la kawaida katika nchi. Kutoka miaka ya 1990 mashirika yaliuzwa moja moja. Mashine zilipochukuliwa na wenye mali wapya, magari nayo yaliacha SU yakaandikishwa kwa T kama gari la mtu yeyote. Aliyetaka kuupima ule mgeuko hakuhitaji kusoma gazeti la serikali. Aliweza kuhesabu mabamba.

Hatuko peke yetu duniani katika kuweka lugha ya wenyeji juu ya gari. Katika bahari ya Pasifiki viko visiwa vilivyo chini ya Marekani. Guam, kisiwa kilichochukuliwa na Wamarekani mwaka 1898, kimeandika katika mabamba yake maneno Tano Y Chamorro, yaani nchi ya Wachamorro, ndio wenyeji wake wa kale. Samoa ya Marekani nayo imeandika kwa Kisamoa Motu o Fiafiaga, visiwa vya furaha. Wao wametia maneno mazima, ambayo mgeni huyaona akayafurahia kama pambo. Sisi tumetia herufi za mwanzo tu, ambazo mgeni hazijui lakini mwenyeji azijua. Kila upande umechagua msomaji wake.

Hata hivyo Kiswahili hakikushinda kila mahali. Gari la ubalozi lina CD, ambayo ni Kifaransa, na hivyo ndivyo ilivyo katika nchi nyingi, kwa hiyo haina lawama. Lakini gari la mradi ulipiwao na wafadhili wa nje huandikwa DFP, herufi za Kiingereza, na katika vijiji vya Kilosa, ambako miradi ya maji, ya mashamba na ya afya imepita mingi, watu huzisoma kila siku bila kujua zasimama badala ya nini. Wajua tu kwamba gari la namna hiyo huja likiwa safi na kuondoka kabla ya jioni. Na pikipiki, ambazo tangu miaka ya 2010 zina mfululizo wao, zikapewa MC. Ikiwa magereza walipata M ya neno lao wenyewe, hatuoni kwa nini pikipiki, chombo chenye jina la Kiswahili lililotokana na mlio wake, kinyimwe P.

Jambo jingine la lugha ni hizi herufi C, Q na X. Tahajia sanifu haina Q wala X, na C haitembei bila H. Vitabu vya kusomea vya darasa la kwanza huzipita. Lakini vibao huzitumia zote, kwa hiyo watoto wengi wamekutana na Q mara ya kwanza juu ya lori. Huziita kwa majina ya Kiingereza, na tarakimu vilevile: kondakta awezaye kuhesabu nauli kwa Kiswahili fasaha, akiulizwa namba za basi lake husema ti wani tu thrii. Hatusemi ni kosa. Twasema tu kwamba Kiswahili kina majina ya tarakimu tangu kabla ya gurudumu la kwanza kufika Bagamoyo, na inashangaza kuyaona yakikaa kimya mbele ya kibao.

Juu ya fedha tutasema machache. Mamlaka ya Mapato, iliyoanza kazi mwaka 1996, ndiyo ishikayo daftari. Mpaka mwaka 2017 mwenye gari alilipa ada ya kila mwaka. Ndipo ada hiyo ikafutwa, na badala yake shilingi 40 zikaongezwa juu ya kila lita ya mafuta. Wenye motakaa walishangilia. Lakini nyongeza ile iliwekwa juu ya mafuta ya taa pia, hata bibi wa kijijini asiyepata kumiliki baiskeli akawa analipa kwa kibatari chake. Kwa upande wa pili, mtu mwenye uwezo huruhusiwa kuweka jina lake mahali pa namba. Bei ya heshima hiyo ilikuwa shilingi milioni 5, na mwaka 2016 ikapandishwa kuwa milioni 10 kwa miaka mitatu. Gari la namna hiyo lina kibao cha shahidi kama mengine, na pengine ni shahidi bora, maana jina halisahauliki upesi.

Tumalizie na Mikumi. Mahali hapa, palipopewa jina la mikumi, ile mivumo mirefu ya bondeni, palikuwa pa wanyama zaidi ya watu, na hifadhi ya taifa ikaanzishwa mwaka 1964. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Novemba 1965, Wazungu wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia, isiyo na bahari, ikapungukiwa na njia ya kusini. Mafuta yake yakaanza kupandishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, na shaba kuteremshwa, juu ya njia ya udongo iliyoua madereva wengi mpaka wasemao Kiingereza wakaiita njia ya jehanamu. Mwaka 1966 kampuni ya pamoja ya nchi mbili iliundwa, na malori yake ya Fiat yakapita Mikumi usiku na mchana. Lami ilifuata, na leo barabara hiyo inaikata hifadhi kwa kilomita 50 hivi.

Kwa hiyo njia panda ya Mikumi ni mahali pa kusomea ramani ya Afrika. Lori la Zambia lina Z yake ya kimataifa, iliyotwaliwa badala ya alama ya Rhodesia ya Kaskazini; kwa hiyo mwanafunzi apambanue Z hiyo na Z ya Unguja. La Malawi huanza kwa herufi za mji: BT ni Blantyre, LL ni Lilongwe. La Kongo lina CGO tangu mwaka 1997, ambapo zamani liliandikwa kwa jina la Zaire. Na gari la Burundi hubeba RU, herufi za Ruanda-Urundi, nchi iliyotoweka katika ramani mwaka 1962 lakini ingali ikisafiri. Ndani ya hifadhi dereva agongaye mnyama hutozwa faini kwa kadiri ya mnyama, tembo na swala hawana bei moja. Na hapo kibao hurudia kazi yake ya kwanza ya Paris, ila aliyelala njiani safari hii hana ndugu wa kumsemea.

Iko aina moja ya kibao ambayo watu wa Mikumi waijua kuliko watu wa mji mwingine wowote wa mkoa huu. Ni IT. Motakaa ziteremshwazo bandarini Dar es Salaam kwa ajili ya Zambia, Malawi au Kongo haziandikishwi kwetu, maana si zetu. Hupewa herufi hizo mbili za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuwa njiani kupita. Madereva wao hulipwa kwa kuzifikisha, wala si kwa kuzitunza, kwa hiyo huzikimbiza. Wengine huchukua abiria kwa siri, jambo lililokatazwa, na abiria huwakubali kwa sababu gari ni jipya na nauli ni ndogo kuliko ya basi. Husemwa "nimepanda IT", kana kwamba ni jina la kampuni. Ajali ikitokea katika kona za Kitonga au katika tambarare ya hifadhi, jamaa za marehemu huanza kuulizia namba, na namba ile si ya mtu wa hapa: mwenye gari yuko Lubumbashi au Lusaka, hajawahi kuliona gari lake, na dereva hakuajiriwa naye. Likisalimika, hufika Tunduma baada ya siku moja au mbili; huko herufi hizo huondolewa, na ng'ambo ya mpaka hupigiliwa nyingine.